Kamera ya Zorki-4 Aliyoiacha Baba: Namna ya Kuijaribu Kabla ya Kuiamini

Msomaji mmoja wa Tanga ameuliza hivi: "Marehemu baba yangu alisoma Moscow mwanzoni mwa miaka ya 1970, akarudi na kamera iliyoandikwa Zorki-4 yenye lenzi ya Jupiter-8 ya mm 50. Namba ya mwili inaanza na 70. Imekaa kabatini ndani ya mkoba wake wa ngozi kwa zaidi ya miaka 25. Ukichungulia ndani yake unaona vitu viwili viwili. Mpiga picha mmoja wa mtaani kwetu ameniambia kwamba hiyo ni nakala tu ya Leica na nisipoteze fedha. Nimepata mkanda mmoja wa filamu nyeusi na nyeupe, ISO 100, picha 36. Nifanye nini ili nijue kama kamera na lenzi bado ni nzima?"

Ndugu msomaji, pole kwa kuondokewa na mzee, na nakushukuru kwa kuuliza kabla hujaufungua mkanda wako wa pekee. Nianze na hilo la vitu viwili viwili, kwa sababu limewafanya watu wengi wadhani kamera imeharibika, wengine wakaitupa. Kamera yako ni ya kipimaumbali. Unapoitumia huoni kupitia lenzi, bali kupitia dirisha dogo lililo juu yake, na katikati ya dirisha hilo kuna kiraka kinacholeta taswira ya pili kutoka kwenye tundu jingine lililo upande wa pili wa uso wa kamera. Ukizungusha pete ya fokasi, sehemu ya nyuma ya lenzi husukuma kidole cha chuma kilicho ndani ya mwili, na taswira ile ya pili husogea kushoto au kulia. Taswira mbili zikilaliana zikawa moja, lenzi imefika kwenye umbali wa kitu unachokitazama. Kuona viwili, basi, ndiyo kazi yenyewe ya chombo hiki. Jambo la kuchunguza ni kama vinapokutana, vinakutana mahali pa kweli.

Neno la mpiga picha wa mtaani lina nusu ya ukweli. Zorki ya kwanza, iliyoanza kutengenezwa mwaka 1948 katika kiwanda cha KMZ huko Krasnogorsk karibu na Moscow, ilitokana na kamera ya FED ya Kharkiv, nayo FED ilianza mwaka 1934 kwa kunakili Leica II ya Ujerumani. Lakini Zorki-4, iliyotengenezwa kuanzia 1956 hadi 1973 kwa idadi inayozidi milioni 1.5, ilikuwa imekwisha kuachana na Leica II katika mambo makubwa: kitazamio na kipimaumbali vimo katika dirisha moja, kasi za shata, yaani pazia linalofungua na kufunga njia ya mwanga, zinaanzia sekunde 1 hadi 1/1000, na mgongo wote wa kamera hutoka ili uweke filamu kwa urahisi. Lenzi yako, kwa upande wake, haina nasaba na Leica hata kidogo, isipokuwa uzi wa mm 39 inaofungiwa nao. Mpango wake wa vioo ni ule wa Sonnar, uliobuniwa na Ludwig Bertele kwa ajili ya kamera ya Contax iliyotolewa na Zeiss Ikon mwaka 1932, na ambao Wasovieti waliuchukua pamoja na mitambo ya Jena baada ya Vita vya Pili vya Dunia. Kamera nyingi za aina hii zimepita mezani kwangu, karibu zote zikiwa za watu waliosoma Urusi, na kwa haki kabisa nasema kwamba Jupiter-8 iliyo nzima ni lenzi ya kuheshimiwa. Tarakimu mbili za mwanzo za namba, kwa bidhaa za kiwanda hicho za miaka ile, kwa kawaida ni mwaka wa kutengenezwa, kwa hiyo 70 yako inaafikiana vizuri na safari ya mzee.

Ninalokuomba ni uvumilivu wa aina moja: usijaribu vyote kwa mpigo. Picha yenye ukungu inaweza kusababishwa na kipimaumbali kilichohama, au lenzi iliyoingia utando, au lenzi iliyofunguliwa zamani na kurudishwa vibaya, au mkono uliotikisika kwa sababu shata imechelewa. Ukiweka filamu leo na kuzunguka nayo mjini, utarudi na picha mbaya ishirini na usijue ni ipi kati ya sababu hizo imezileta. Ukienda kwa mpangilio, kila hatua itaondoa sababu moja, na filamu yako itabaki kuthibitisha tu yale ambayo macho na masikio hayawezi kuyaona.

Kabla ya lolote, shika sharti hili kana kwamba limechongwa juu ya kamera: vuta kwanza, ndipo ubadilishe kasi. Zungusha gurudumu la kuvutia filamu mpaka likwame lenyewe, kisha nyanyua gurudumu la kasi, lizungushe hadi namba unayoitaka, na uliachie lishuke. Usifanye kinyume chake. Shata ikiwa haijavutwa, alama ya gurudumu hilo haielekei kasi ya kweli, na anayelilazimisha anaweza kuharibu pini au meno ya mtambo wa kasi ndogo. Kamera nyingi za aina hii zilizokufa zimeuawa na kosa hili moja, na mara nyingi aliyelitenda ni mtu aliyekuwa akizichezea tu akiwa na nia njema. Vilevile, gurudumu hilo huzunguka wakati wa kupiga, kwa hiyo kidole kisiliguse.

Sasa toa mgongo wa kamera kwa kuzungusha funguo mbili zilizo chini, na uhakikishe kwamba kibiringo cha kupokelea filamu kimo ndani, kwa maana kinatoka kirahisi na hupotea katika nyumba nyingi. Fungua lenzi taratibu kwa kuizungusha kinyume na saa na uiweke pembeni mahali safi. Vuta shata na uipige mara kumi au kumi na tano kwa kasi ya 1/125, bila haraka, maana mafuta yaliyolala robo karne yanahitaji kuamshwa. Kisha isikilize kwa sekunde 1. Utasikia mlio wa kwanza, mvumo mdogo wa meno, na mlio wa pili. Mvumo ukikatika katikati na shata ikabaki wazi, au ukivutavuta mpaka sekunde 2, mafuta yameganda, na hiyo ni kazi ya fundi. Kwa kasi za kati tumia simu yako: simu nyingi za sasa hurekodi video ya mwendo wa polepole kwa fremu 240 kwa sekunde, na ukirekodi mapazia ya shata kwa nyuma huku dirisha lenye mwanga likiwa mbele, kasi ya 1/30 itatakiwa kuonyesha mwanga kwa fremu 8 hivi. Ukihesabu 12, shata inachelewa kwa nusu nzima.

Kasi kubwa haziwezi kuhesabiwa hivyo, lakini zinaweza kutazamwa. Shata ya Zorki ni mapazia mawili ya kitambaa kilichopakwa mpira, yanayokimbia kwa upana wa fremu. La kwanza hufungua njia na la pili hulifuata kuifunga, na katika 1/1000 nafasi iliyo kati yao huwa mwanya mwembamba tu. Pazia la pili likimkaribia mwenzake njiani, mwanya hupungua na upande mmoja wa picha hukosa mwanga. Likimfikia kabisa, upande huo haupati kitu. Elekeza kamera isiyo na lenzi kwenye ukuta mweupe wenye mwanga, jicho likiwa nyuma, na upige kwa 1/1000 mara kadhaa. Unapaswa kuona mstatili mzima ukimulika kwa ghafla. Ukiona nusu tu, au ukingo mmoja ukiwa giza, umekwisha kuujua ugonjwa bila kutumia hata sentimita moja ya filamu.

Usiku ukiingia, ingia chumba kisicho na mwanga, washa tochi kali mbele ya kamera hiyo isiyo na lenzi, na uchungulie kwa nyuma ukisubiri macho yazoee giza. Fanya hivyo shata ikiwa haijavutwa, kisha ikiwa imevutwa, kwa sababu kila hali huonyesha pazia tofauti. Nukta za mwanga kama nyota ni matundu. Sababu moja ni uzee wa mpira, ambao joto letu huuharakisha, na sababu nyingine, inayoniuma zaidi kwa kuwa inaepukika, ni jua. Kamera za kuangalia kupitia lenzi zina kioo kinachokaa mbele ya shata, hii haina. Ukiiacha kifuani bila kifuniko, lenzi ikiwa wazi kabisa kwa f/2 (namba ya f ikiwa ndogo, tundu la mwanga la lenzi ni kubwa) na ikielekea jua, lenzi hiyo hukusanya miale juu ya kitambaa kama vile watoto wanavyochoma karatasi kwa kioo cha kukuzia. Niliwahi kuletewa kamera iliyokuwa safi kabisa isipokuwa tundu moja la ukubwa wa kichwa cha pini, nalo lilipatikana katika mapumziko ya siku moja ufukweni. Kifuniko cha lenzi, basi, kikae mahali pake wakati wote usiopiga picha.

Tugeukie lenzi. Fungua tundu lake la mwanga hadi f/2, imulike kwa tochi kutoka nyuma kwa mshazari, na uitazame kutoka mbele. Mikwaruzo michache juu ya kioo cha mbele isikuogopeshe, wala vipovu viwili vitatu vya hewa vilivyo ndani ya kioo chenyewe, kwa kuwa vioo vya wakati ule vilitoka kiwandani navyo. Unachokitafuta ni nyuzi zilizotawanyika kama utando wa buibui, ambazo ni kuvu, na weupe uliotanda kama pumzi juu ya kioo, ambao mara nyingi ni mvuke wa grisi ya zamani. Kwa mtu wa Tanga nasema wazi kwamba nategemea utakuta kimojawapo. Unyevu wa pwani na mkoba wa ngozi ni ndugu wa kuvu. Ngozi hunyonya unyevu na kuutunza, na giza la kabati hukamilisha kazi. Kuanzia leo, mkoba huo uutunze kama kumbukumbu ya mzee, lakini kamera iweke katika chombo cha plastiki chenye mfuniko unaobana pamoja na vifuko vya silika vilivyokaushwa. Weupe wa grisi kwa kawaida husafishika na lenzi ikarudi hali yake. Kuvu iliyokaa miaka mingi huweza kuwa imekwisha kula utandaji wa juu ya kioo, na alama zake hubaki. Ukiona utando mwepesi, endelea na majaribio ukijua kwamba picha zitapungua ukali wa weusi na weupe, hasa ukipiga kuelekea mwanga. Ukiona weupe mzito, simama hapo na uipeleke kwa fundi kwanza. Mafuta kwenye visu vya tundu hayana madhara makubwa hapa, maana tundu la lenzi hii huzungushwa kwa mkono na halina haja ya kujifunga kwa kasi.

Pete ya fokasi ikiwa ngumu, usiilazimishe. Grisi iliyoganda inaweza kuifanya lenzi nzima ijifungue kutoka kwenye mwili badala ya pete kuzunguka, nawe ukadhani unalenga fokasi kumbe unaiondoa lenzi.

Kipimaumbali ndicho sehemu inayostahili muda wako zaidi. Rudisha lenzi kwenye mwili. Chini ya kitufe cha kurudishia filamu kuna mkono mdogo unaorekebisha kitazamio kulingana na jicho lako. Usogeze mpaka uone vizuri kabisa, kwa sababu asiyeona kiraka sawasawa hana haki ya kukihukumu. Kama kiraka ni hafifu, kata kipande kidogo cha utepe mweusi, kidogo kuliko punje ya mchele, na ukibandike katikati ya kioo cha nje cha kitazamio. Taswira ya moja kwa moja itazibwa pale katikati na ile ya pili itajitokeza. Usithubutu kupangusa kioo cha ndani, kwani utandaji wake ni mwembamba mno na huondoka pamoja na vumbi.

Zungusha lenzi hadi mwisho wa umbali, kwenye alama ya infiniti, na utazame kitu kilicho mbali zaidi ya kilomita moja: mnara wa simu, ukingo wa kilima, meli iliyotia nanga, au mwezi. Taswira mbili zinapaswa kulaliana kikamilifu. Zikipishana juu na chini, kasoro hiyo inakera jicho lakini haiharibu fokasi. Zikipishana kushoto na kulia, umbali wote utakuwa na makosa. Kisha pima mita 1 kwa futikamba kutoka mahali filamu inapokaa, yaani karibu na mgongo wa kamera wala si kutoka ncha ya lenzi, ukiweka hapo kitu chenye mstari wa wima. Lenga mpaka taswira zikutane na usome pete ya lenzi. Ikisema mita 1, kipimaumbali kinakubaliana na lenzi katika ncha zote mbili, na hiyo ni dalili njema sana.

Hata hivyo vyombo viwili vinaweza kukubaliana katika uongo. Kipimaumbali kinasoma mwendo wa lenzi. Hakijui kama taswira inatua juu ya filamu kweli. Ndiyo maana kuna jaribio la tatu, ambalo nalipenda kuliko yote kwa kuwa linakuonyesha kile ambacho filamu ingekiona. Toa mgongo tena, tandaza kipande cha karatasi nyembamba ya kunakilia inayopitisha mwanga au selotepu isiyong'aa juu ya reli mbili za ndani ambazo filamu hulalia, ukihakikisha kimenyooka kama ngozi ya ngoma. Weka kasi kwenye B, ambapo shata hubaki wazi muda wote kitufe kimebonyezwa, fungua lenzi hadi f/2, na umwombe mtu akushikilie kitufe kikiwa kimebonyezwa, au utumie waya wa kufyatulia kama unao. Juu ya karatasi utaona dunia ikiwa kichwa chini miguu juu. Itazame kwa kioo cha kukuzia. Lenga mnara ule wa mbali kwa kipimaumbali, kisha angalia kama ni mkali kwenye karatasi. Rudia kwa kitu kilicho mita 1. Ukali ukionekana pote pawili, umemaliza. Karatasi ikikubaliana na alama za lenzi huku kiraka kikisema jambo jingine, kosa liko kwenye kipimaumbali, na marekebisho yake ni ya skrubu chache kwa fundi anayezijua. Lakini lenzi ikiwa kwenye infiniti na mnara usiwe mkali kwenye karatasi, hapo lenzi yenyewe haikai umbali unaotakiwa, mara nyingi kwa sababu aliyewahi kuifungua alipoteza pete nyembamba za kurekebishia.

Naomba unielewe kwa nini nasisitiza f/2 na mita 1. Kwa lenzi ya mm 50, kina cha ukali, yaani eneo la mbele na nyuma linaloonekana kali pichani, katika f/2 na umbali wa mita 1 ni takriban sentimita 5 tu kwa jumla. Katika f/8 na umbali wa mita 3, ukali huanzia kama mita 2.3 hadi mita 4.2. Mtu anayejaribu kamera yake juani kwa f/11 na kufurahia picha zake hajajaribu kipimaumbali kabisa, kwa kuwa kina hicho kikubwa kimesamehe kila kosa. Siku atakapompiga picha mtoto karibu na dirisha jioni, sikio litakuwa kali na jicho litakuwa limefifia, naye atailaumu lenzi.

Sasa ndipo filamu iingie. Iweke kivulini, ingiza ncha yake kwenye kibiringo cha kupokelea, vuta kidogo uone meno yakishika matundu ya pande zote mbili, funga mgongo, piga fremu mbili za bure, na uzungushe kihesabio kwa mkono hadi sifuri kwa kuwa hakijirudishi chenyewe. Kila unapovuta, kitufe cha kurudishia filamu kinapaswa kuzunguka. Kisipozunguka, filamu haisogei. Andika kila fremu kwenye daftari: namba, kasi, tundu, umbali. Mkanda wa majaribio usio na daftari ni fedha iliyomwagwa.

Kamera yako haina mita ya mwanga, kwa hiyo tumia kanuni ya zamani isemayo kwamba kwenye jua kamili, tundu la f/16 huenda na kasi inayokaribiana na namba ya ISO, yaani 1/125 kwa filamu yako. Kanuni hii imefikiriwa kwa jua linalomulika kitu kutoka mbele. Kwetu sisi tulio karibu na Ikweta, jua la saa sita mchana huwa utosini, ukuta wa wima hupata mwanga wa kuparuza tu, na nyuso za watu huwa na vivuli vyeusi chini ya paji. Fanya majaribio saa tatu asubuhi au saa kumi alasiri, jua likiwa mgongoni mwako. Piga ukuta ule ule uliopakwa rangi moja kwa jozi hizi, moja baada ya nyingine: 1/60 na f/22, 1/125 na f/16, 1/250 na f/11, 1/500 na f/8, 1/1000 na f/5.6. Zote zinaingiza kiasi sawa cha mwanga, kwa hiyo kamera nzima itakupa negativu tano (picha za kwenye filamu iliyosafishwa, ambamo palipopata mwanga zaidi huwa peusi zaidi) zenye weusi unaofanana, kila moja ikiwa sawasawa kutoka ukingo hadi ukingo.

Baada ya hapo simamisha viberiti vitano mezani kwa mshazari, kila kimoja kikiwa sentimita 5 nyuma ya mwenzake na visizibane, cha tatu kikiwa mita 1 kamili kutoka kwenye filamu. Lenga cha tatu. Piga kwa f/2, f/2.8, f/4 na f/8, kamera ikiwa imetulia juu ya kitabu au ukuta mfupi. Hapa mwanga ndio utakuongoza mahali pa kukaa, maana juani f/2 ingehitaji kasi ya 1/8000 ambayo hunayo, na hata kivuli cha wazi chini ya mti kingekulazimisha kwenda 1/1000. Kaa ndani kabisa ya baraza, pima kwa programu ya mita ya mwanga kwenye simu, na utafute mahali panapokupa 1/125 kwa f/2. Seti hii ya viberiti itakuambia pia tabia moja ya lenzi za ukoo wa Sonnar: tundu linapofungwa hatua moja au mbili, sehemu kali inaweza kurudi nyuma kidogo. Ukiona kiberiti cha tatu ni kikali kwa f/2 lakini cha nne kinaanza kumshinda kwa f/2.8, utajua si kipimaumbali kilichokosea.

Dakika chache baada ya jua kuzama, piga majengo ya mbali kwa f/2, na asubuhi yake piga majengo hayo hayo kwa f/8, ili ulinganishe pembe za picha. Usitegemee pembe kali katika f/2. Lenzi hii ni laini pembeni ikiwa wazi, na katikati yake hupendeza nyuso za watu kuliko maandishi ya mabango. Piga pia mtu aliyekaa na dirisha nyuma yake, mara moja ukiwa umeikinga lenzi kwa kiganja na mara moja bila kinga. Bertele alipanga vioo sita katika makundi matatu ili nyuso zinazogusana na hewa ziwe sita tu, kwa sababu kila uso wa namna hiyo hurudisha sehemu ya mwanga na kuitia picha weupe. Mpango huo unaisaidia Jupiter-8 mpaka leo, ila utandaji wake wa zamani hauwezi kushindana na wa sasa jua likiingia moja kwa moja.

Katikati ya mkanda, fanya jaribio la uvujaji. Kamera ikiwa na filamu, toa kifuniko cha lenzi, ielekeze ardhini penye mwanga mkali wa mchana, na ukae dakika moja bila kuvuta shata. Kisha vuta, kaa dakika nyingine, na upige ukuta wa kivulini. Matundu ambayo tochi haikuyafichua yatajiandika kwenye fremu hizo kama nukta nyeusi za negativu. Fremu zitakazobaki ni zako, na nakushauri uzitumie kwa watu wa nyumbani mwako kwa umbali wa mita moja na nusu hadi mbili, mahali ambapo kipimaumbali na Jupiter-8 hufanya kazi yao nzuri kuliko zote.

Mkanda ukiisha, usivute kwa nguvu. Geuza pete inayozunguka kitufe cha kupigia ili kuachia meno, rudisha filamu yote kwenye kopo lake, ndipo ufungue mgongo. Ukiipeleka studio kusafishwa, omba mambo mawili: negativu zisikatwe kabla hujaziona, na kama watazipiga skani, wasiziache mashine zisawazishe mwanga. Mashine husawazisha fremu nyepesi na nzito zikafanana, na kwa wema huo hukuficha kosa la shata ulilolitafuta siku nzima. Ukiamua kusafisha mwenyewe, kumbuka kwamba maji ya bomba ya pwani huwa ya uvuguvugu, ilhali muda unaoandikwa kwa dawa nyingi ni wa nyuzijoto 20. Poza dawa na maji yote kwa kuzungushia barafu nje ya chombo, na yawe ya joto moja tangu mwanzo hadi suuza ya mwisho.

Zitazame negativu dhidi ya ukuta mweupe au kioo cha simu kilichowashwa. Fremu za ukuta zikiwa zinazidi kuwa nyeusi kadiri kasi inavyopanda, shata inachelewa kwenye kasi kubwa, na unaweza kuendelea kuitumia kwa 1/60 hadi 1/250 bila gharama yoyote. Fremu ya 1/1000 ikiwa nyeusi upande mmoja na nyeupe upande mwingine, mapazia hayakimbii kwa mwendo mmoja, na fundi anahitaji kurekebisha mvuto wa springi zake. Kiberiti kilicho kikali kikiwa ni kilekile kisicho cha tatu katika kila tundu, kipimaumbali kimehama. Nakala za maelezo ya daftari lako mpe fundi pamoja na negativu zenyewe, umwambie ni kasi zipi na umbali upi umeharibika, na umwombe asiguse kingine chochote. Wakati ukisubiri zamu yako, iache shata bila kuvutwa ili springi zipumzike, na lenzi ikae na vifuniko vyake mbele na nyuma.